Jina Lililobaki Shuleni

Mwaka wa tisini na tatu Ugbad Bishar alirudi katika shule ya Golol kuwa mchota maji, na asubuhi ya kwanza, kabla hajatua hata mtungi mmoja, akasikia anaitwa.

“Ugbad Bishar Kulow.”

Mwalimu alikuwa akiita majina katika kidato cha pili, dirisha la tatu kutoka kwenye tangi. Ugbad alifungua kinywa aitike. Sauti ya msichana ikamtangulia kutoka mle ndani, ikasema niko, na mwalimu akaenda kwenye jina linalofuata. Ugbad akafunga kinywa. Akashika mtungi kwa mikono miwili na kubaki amesimama pale, mpaka mpishi alipomuuliza kama maji yatajimimina yenyewe.

Hebu nieleze vizuri, maana mtu akilikuta jambo hili katikati anaweza kudhani kuna mazingaombwe. Hakuna mazingaombwe hapa. Kulikuwa na watu wenye haraka, basi.

Golol ni mji mdogo wa mchanga, ukitoka Wajir kuelekea Kutulo. Maduka tisa, msikiti, kituo cha polisi, na visima ambavyo ndivyo vilivyouleta mji wenyewe. Shule yake ni moja na ni mbili. Serikali ilijenga kwanza upande wa msingi, darasa la nne hadi la nane, pamoja na mabweni ya watoto wa wafugaji. Halafu ilipofika zamu ya sekondari, wakubwa walikuja, wakatazama jua, wakaona ni kazi kujenga ukuta mwingine, wakaitia humohumo. Lango moja, jiko moja, tangi moja, mwalimu mkuu mmoja. Mtoto aliingia darasa la nne akiwa hajui kufunga kamba za viatu akatoka kidato cha nne ana ndevu, na njia yote hiyo ni hatua mia mbili kutoka mti wa kwanza hadi wa mwisho.

Ugbad aliingia humo mwaka wa themanini na saba, akaumaliza mwaka akiwa wa tatu katika darasa lake, na wa kwanza kati ya wasichana. Kitanda chake bwenini kilikuwa karibu na mlango. Alikipenda kitanda kile kupita kiasi, nami simcheki, kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu kilichoandikwa jina lake kabla ya hapo.

Likizo ya Desemba mama yake akashikwa na kifua. Ngamia walikuwa wanataka kuhamishwa na mikono nyumbani haikutosha. Baba yake, Mzee Bishar, alikuwa kisimani siku hiyo akingoja kunywesha, na nduguye Farah alikuwa upande wa pili wa hodhi. Sasa, ujue desturi ya visima vya kule. Zamu ya kunywesha ni ya nyumba. Leo akija kaka, kesho akija shangazi, keshokutwa wakimtuma mtoto, ndoo ni za nyumba ileile na hakuna anayemtazama mtu usoni. Kosa ni kuiacha zamu ipite tupu, maana ukiiacha, wengine wataichukua na kuirudisha ni vita. Kitanda cha shule Mzee Bishar alikiona vivyo hivyo. Nafasi za bweni zilikuwa za kuhesabu na watoto arobaini walikuwa nje wakizingoja. Akamwambia Farah ng'ambo ya hodhi kwamba Ugbad anabaki na ngamia, basi ampeleke Ruweyda wake akalale pale. Farah akasema sawa. Wakaendelea kunywesha.

Ruweyda alikuwa mdogo wa Ugbad kwa mwaka mmoja, amesoma madarasa matatu Wajir kwa mama yake mdogo, na ana akili. Walimu walikuwa wamehamishwa karibu wote mwezi huo. Waliokuja walikuwa wageni kutoka bara, na mbele yao walikuwa na safu ya wasichana waliojitanda shungi, wote wembamba, wote wametazama chini. Ruweyda aliagizwa neno moja tu, kwamba likiitwa jina la Ugbad, aitike.

Ugbad hakuulizwa. Alijua pale alipoambiwa atoe sare yake na sanduku la bati. Alitoa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mtoto wa umri huo kule hamuulizi baba yake kwa nini. Lakini alilia siku nne nyuma ya ngamia, na ngamia, kama unavyowajua, hawakujali.

Yaliyofuata nitayasema kwa mkato kwa kuwa yeye mwenyewe huyasema kwa mkato. Mama alifariki. Ugbad aliozwa akiwa na miaka kumi na sita kwa mtu aitwaye Mahat, ambaye hakuwa mbaya wala mzuri. Ukame wa tisini na mbili ukawamaliza ngamia wa Mahat wote, akaondoka kwenda Mandera kutafuta riziki, na baada ya miezi saba wakaja watu wawili, wakanywa chai, wakamaliza, ndipo wakasema wameleta talaka yake. Mtoto hakuwa naye. Akarudi kwa baba yake, ambaye naye sasa hakuwa na ngamia, alikuwa na kibanda Golol na nafasi yake kivulini mwa msikiti. Jelle, mpishi wa shule, alikuwa anatafuta mtu wa maji. Ndipo Ugbad akaingia tena kwa lango lile.

Pale shuleni walimwita Mama Maji. Mama wa nani, hakuna aliyeuliza.

Ruweyda alimwona siku hiyohiyo ya kwanza, wakati wa chakula, na uso ukamshuka. Hakumsalimia. Usimlaumu haraka, wangeonekana pamoja wangeulizwa ni ndugu wa vipi, na jibu lingezaa swali jingine. Akapokea sahani yake, akaondoka. Likizo walipokutana kwa Farah walikumbatiana na kucheka hadi machozi, wakasukana nywele. Muhula ulipofunguliwa wakawa tena hawajuani. Ugbad alizoea kila kitu isipokuwa hicho. Watu mia tatu ndani ya ua mmoja, mmoja tu kati yao ni damu yake, na huyo ndiye anayempa mgongo.

Na kila asubuhi jina. Aliweza kwenda kisimani mapema zaidi au kuchelewa, asilisikie. Hakufanya hivyo. Alikuwa pale kwenye tangi kila siku, saa ileile, anasikiliza anaitwa, anasikiliza mtu anaitika. Ukimuuliza kwa nini alijitesa hivyo atakwambia hajui.

Sasa, jiko la Jelle lilikuwa linawashwa kwa madaftari. Kuni za kule ni ngumu, hazishiki moto bila karatasi, na kila mwisho wa muhula madaftari yaliyojaa yalitupwa stoo kwa ajili hiyo. Kazi ya kuyachana ilimwangukia Mama Maji. Wiki ya kwanza alichana. Wiki ya pili alisoma kabla ya kuchana. Kufikia mwisho wa mwaka alikuwa anachagua: hili la hesabu, darasa la tano; hili la sayansi, la saba; haya mawili ya Kiswahili ya yule mwenye mwandiko mzuri. Alisoma amechuchumaa, mgongo kwa mlango, na Jelle akipiga kelele kwamba uji wa watoto hauivi kwa macho. Alipitia darasa la tano hadi la nane namna hiyo, bila mpangilio, jibu kabla ya swali wakati mwingine, makosa ya watoto pamoja na masahihisho ya walimu.

Siku moja akatoa chini kabisa ya rundo daftari la zamani lililoandikwa juu Ugbad Bishar Kulow, darasa la sita. Ndani mlikuwa na tisa juu ya kumi, kumi juu ya kumi, na wino mwekundu wa mwalimu fulani ukisema vizuri sana Ugbad. Akafurahi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua akafurahi kabisa, kama mtu aliyesifiwa kweli. Halafu akakaa chini jikoni. Alimwonea Ruweyda kijicho, tuseme ukweli, kijicho cha kumtoa mtu machozi. Daftari akalitia motoni kwa mkono wake, na chai ikachemka.

Mwaka wa tisini na tano akaletwa mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Elema, mtu wa pande za Wajir, anayezungumza Kioromo kwao na Kisomali sokoni, mrefu, mpole, mwenye uchu wa kufundisha hata anayepita njia. Alitangaza kwamba mtu mzima yeyote aliyekosa shule anaweza kuja alasiri, atafundishwa, na anayeweza ataandikishwa kwa mtihani wa darasa la nane mwezi wa Novemba. Wakaja wanawake sita. Watano walikuja kutazama na mmoja alikuja kusoma.

Ugbad aliweka sharti: wasomee darasa linalotazamana na jiko, na mlango ubaki wazi, Jelle amwone. Mwanamke mwenye talaka yuko na mwalimu mkuu ndani ya chumba kimoja, Golol ingekula habari hiyo mwaka mzima. Elema akakubali. Kufikia Machi wale watano walikuwa wamechoka, na Elema akawa anafundisha mtu mmoja, amesimama mbele ya ubao, anauliza swali halafu anatazama darasa lote kama kuna mkono mwingine. Alikuwa anamwita Mama Maji kama wengine. Jina hakuwahi kumuuliza mpaka siku za kuandikisha watahiniwa zilipokaribia, akamwambia aje Jumatatu ofisini, atamwandika.

Ijumaa ile Ruweyda alikuja kisimani. Hakuwahi kuja kisimani hata mara moja. Alikuwa kidato cha nne sasa, amevaa miwani, na alisimama mahali ambapo mitungi ilimficha nusu.

Aliongea haraka. Kwamba Mwalimu Elema ndiye anayeshika orodha zote, ya msingi na ya sekondari. Kwamba ana daftari la kuandikisha wanafunzi tangu shule ilipoanza, naye ni mtu wa kupekua. Akiambiwa Ugbad Bishar Kulow, aliyeacha darasa la nne, atalifungua, na atamkuta Ugbad Bishar Kulow hakuacha, yuko kidato cha nne, dawati la mbele.

“Abaayo, dada yangu, ukilitaja nimekwisha,” akasema. “Mwezi uliopita walikuja wa vitambulisho. Nimeshapigwa alama za vidole kwa jina hilo.”

“Na mimi nimtaje nani?”

Ruweyda akatazama chini. “Taja langu. Lipo tu. Siku hizi hakuna anayeliita ila hooyo, mama yangu, wakati wa likizo.”

Ugbad alijitwisha maji akaenda zake. Alikuwa na hasira ya kumtosha mtu hadi uzeeni. Siku mbili hakula chakula cha maana. Alimkasirikia Ruweyda, kisha akamwona akiwa na miaka kumi na moja, amekaa peke yake kwenye kitanda kisicho chake, anajifunza kuitika. Akamkasirikia Farah, akawakasirikia walimu wa bara, akazikasirikia hata zile ndoo. Baba yake hakumkasirikia. Au alimkasirikia sana hata hakuthubutu kusogea hapo. Alitaka jina lake kwenye karatasi moja. Hilo tu. Karatasi moja yenye muhuri inayosema kwamba yeye, Ugbad wa Bishar wa Kulow, aliwahi kujua kitu. Na ili aipate ilibidi amwangushe msichana aliyebakiza miezi minane kumaliza miaka minane.

Jumatatu akaingia ofisini. Elema alikuwa amelifungua daftari kubwa, kalamu mkononi.

“Jina lako kamili, Mama Maji?”

Nje Jelle alikuwa anagombana na mbuzi.

“Ruweyda Farah Kulow,” akasema.

Elema akaandika. Akauliza aliwahi kusoma shule gani, na mpaka darasa la ngapi. Hapo ndipo Ugbad hakuwa amejiandaa. Alikuwa amejipa moyo kwa ajili ya jina, hakuukumbuka mwaka wake. Akisema alisoma hapa, daftari lile halina Ruweyda yeyote. Akisema Wajir, barua itatumwa Wajir. Akasema hakuwahi kusoma.

“Popote?”

“Popote, Mwalimu.”

Elema akachukua kitabu kutoka mezani, akamfungulia ukurasa. Ugbad akausoma hadi chini bila kukwama. Mwalimu akamuuliza nani basi alimfundisha, naye akasema jikoni. Elema akacheka kwa furaha, akasema tangu aanze ualimu hajaona jambo kama hilo, mtu asiyekanyaga darasa. Akalirudia mara mbili tatu, na jioni akawasimulia walimu wenzake. Ugbad alifika nyuma ya tangi, akaegemea bati, akalia. Ule mwaka mmoja wa themanini na saba ulikuwa wake, wa tatu darasani, msichana wa kwanza, na sasa ameutoa pia, kwa mdomo wake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha.

Tangu siku hiyo Elema akaacha kumwita Mama Maji. Akawa anamwita Ruweyda, kwa heshima, akidhani anamrudishia kitu. Mara nyingi ilimbidi alirudie jina ndipo Ugbad ageuke. Mwalimu akaamua kwamba mama huyu ana shida kidogo ya masikio, akawa anamfundisha kwa sauti ya juu. Ruweyda mwenyewe, ng'ambo ya uwanja, aliposikia jina lake likipigiwa kelele katika darasa la alasiri, aliinamisha kichwa juu ya kitabu chake na kuendelea kusoma. Siku moja macho yao yalikutana kupitia milango miwili iliyo wazi. Hakuna aliyetabasamu.

Alisoma mwaka ule kama mtu anayefukuzwa. Kwa baba yake hakusema kitu. Mzee alijua binti yake anachota maji shuleni na anarudi amechoka, ikatosha. Mtihani ulipofika alimwomba Jelle siku tatu, Jelle akachota maji mwenyewe na kulalamika siku tatu, kisha akamwuliza kwa siri kama maswali yalikuwa magumu.

Matokeo yalifika Golol Januari. Elema alivuka uwanja mzima kumletea karatasi pale jikoni, hakungoja aitwe ofisini. Alama mia nne na kumi na mbili kati ya mia saba. Watoto wa darasa la nane walikuwa thelathini na wanne, na waliompita walikuwa wawili. Jelle aliomba karatasi aishike, akafuta mikono kwanza. Elema akasema nafasi ya kidato cha kwanza ipo akitaka, hapohapo, hatua mia mbili. Ugbad akashukuru, akaomba ruhusa aende nyumbani mara moja.

Njiani alitembea haraka, halafu polepole. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Ruweyda alikuwa amemaliza mwezi wa Novemba akaenda Garissa kwa ndugu, kusubiri matokeo yake mwenyewe.

Mzee Bishar alikuwa kibandani anakunywa chai, mguu mmoja juu ya mwingine. Aliona karatasi, akauliza inasema nini, kwa sababu hakujua kusoma na hakuwahi kuona haya kwa hilo.

“Ni matokeo ya mtihani,” Ugbad akasema. “Ruweyda Farah Kulow. Mia nne na kumi na mbili. Wa tatu katika shule nzima.”

Uso wa mzee ukanyooka. Akamshukuru Mungu, akasema mtoto yule wa Farah amewatoa aibu, akamwambia aipeleke karatasi kwa Farah sasa hivi, asiikalie.

“Ni yangu, Aabo. Mtihani nimeufanya mimi.”

Akamweleza yote akiwa amesimama: darasa la alasiri, madaftari ya jikoni, siku tatu za Novemba, na ile nafasi ya kidato cha kwanza. Mzee alisikiliza na kikombe kimesimama hewani. Hakuwa mtu mgumu. Alikiweka chini, akaushika mkono wa binti yake, akamwombea dua ndefu, ya kweli, na macho yakamlowa. Kwa muda ule Ugbad alikuwa na kila alichokitaka duniani.

Halafu mzee akaitazama tena karatasi, na akakunja uso.

“Sasa kwa nini hukuandika jina lako?”

Alikuwa anauliza tu. Alitaka kujua.

Ugbad alikuwa na majibu ya miaka minane, mengine makali, mengine aliyatunga nyuma ya ngamia akiwa bado mtoto. Lililotoka lilikuwa fupi.

“Mlilitoa, Aabo.”

Mzee Bishar alimtazama usoni, akafikiri, akatafuta kwa bidii huko alikotafuta, kama mtu mwema anayetaka kumsaidia mwenziwe kukumbuka.

“Lini?” akauliza.